Namna ya Kupima Nafasi kati ya Gari Lako na la Mbele

Udereva wa kujihami huanza na nafasi unayoiacha mbele yako, kwa kuwa gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde, kabla hata mguu haujagusa breki. Chagua kitu kisichosogea kando ya barabara, kwa mfano nguzo. Gari la mbele likishakipita, anza kuhesabu sekunde, na ukikifikia kabla ya sekunde tatu kutimia, achia pedali ya mafuta taratibu mpaka nafasi ipatikane. Mvua ikinyesha, ongeza hesabu hiyo maradufu. Katika mwendo mkubwa pia iongeze, kwani mwendo ukizidi mara mbili, umbali ambao gari huenda baada ya kukanyagiwa breki huzidi takriban mara nne.

Wapo watakaojipenyeza katika nafasi hiyo, jambo linaloudhi kwa kweli. Punguza mwendo kidogo, kisha uhesabu upya. Anayekufuata kwa karibu mno usishindane naye, bali panua nafasi ya mbele ili usilazimike kufunga breki ghafla, na umpishe mara upatapo mahali salama.