Jinsi ya kuangalia muvi ya Hollywood ukajua Walatino wamechorwaje

Wengi wetu hatujawahi kukanyaga Mexico wala Colombia, tunachojua tumekitoa kwenye muvi, na muvi nyingi za Marekani zimewaonea sana hawa watu. Hii ndo njia ninayotumia mimi, jaribu na wewe.

Kwanza jua tunamwongelea nani. Mlatino ni mtu mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, Mbrazili yumo japo anaongea Kireno, na humo kuna weusi tii wa Cuba, kuna weupe wa Argentina, kuna wenyeji wa asili wa milima ya Mexico waliokuwepo kabla Mhispania hajafika. Ukilishika hilo utashtuka mwenyewe ukiona kila muvi inakuletea sura ile ile.

Halafu angalia rangi ya picha. Steringi akivuka tu mpaka kuingia Mexico, picha inageuka manjano, hewa inakuwa kama vumbi la kiangazi, muvi ya Traffic ya mwaka 2000 ilifanya hivyo na tamthilia ya Breaking Bad ikaendeleza. Weka pozi hapo hapo. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Januari watu wanavaa makoti, ila kwenye muvi kila siku ni joto, mbwa koko na bunduki.

Sasa chukua kalamu, hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Kila Mlatino akitokea andika: ana jina? ana kwao? kuna kitu chochote anaongea kisichomhusu steringi? Mara nyingi utakuta mkono unaweka glasi mezani, sauti inasema "yes ma'am", mlango unafungwa, basi, uso wake hata hukuuona vizuri. Lupe Ontiveros, mzaliwa wa El Paso, Texas, kwa hesabu yake mwenyewe aliigiza hausigeli kama mara 150 jukwaani na kwenye skrini, mwanamke mwenye kipaji kile, na wanaume nao ni hivyo hivyo, kama sio muuza unga basi ni mkata majani. Mimi hili linaniuma kuliko yote.

Usiishie kwa wahusika, tafuta nani kaigiza. Kwenye West Side Story ya 1961 Maria ni msichana wa Puerto Rico lakini kaigizwa na Natalie Wood ambaye wazazi wake ni wahamiaji wa kutoka Urusi, na Rita Moreno, Mpuerto Rico kweli, alipakwa poda nyeusi kuliko ngozi yake ili wote wafanane, na bado akabeba Oscar. Usiseme hayo ni ya zamani, maana Sofía Vergara wa Colombia nywele zake za asili ni za dhahabu na alizipaka rangi nyeusi ndo akaanza kuonekana "Mlatino" machoni mwa wanaogawa kazi.

Sikiliza na lugha pia. Wakiongea Kihispania halafu chini hakuna tafsiri, ujue muvi haikutaka uwaelewe.

Na tuwe wakweli, tamthilia za Mexico zilizokuwa zinatufungia ndani jioni nazo zina lao, mwenye nyumba mweupe, mwenye ngozi ya kahawia ndo anafua. Kwa hiyo hesabu yako ya kalamu ifanye na huko.

Ukitaka kuona tofauti tafuta muvi ya Roma ya 2018. Yalitza Aparicio, aliyesomea ualimu na kwao ni jimbo la Oaxaca huko Mexico, anaigiza dada wa kazi tena, ila muvi inaanza na sakafu ya vigae anayoosha yeye, maji yanakuja, yanatulia, ndani ya maji unaiona ndege inapita juu, na kamera haimwachi. Kaiangalie hiyo kwanza, halafu rudia ile ya wauza unga unayoipenda, kalamu mkononi.