Bendi ya watu nane, chumba cha mita nne kwa tano: namna ya kuirusha hewani moja kwa moja

Mara ya kwanza tuliporusha bendi moja kwa moja kutoka studio yetu hapa Lubumbashi, wasikilizaji walipiga simu kuuliza kama mtambo umeharibika. Mtambo ulikuwa mzima. Kilichosikika ni matoazi, kisha matoazi tena, na kwa mbali mtu kama anayeita akiwa ndani ya kisima. Huyo ndiye alikuwa mwimbaji. Mimi nilikuwa kwenye miksa, napandisha hiki nashusha kile, kama dereva aliyekatikiwa breki kwenye mteremko.

Tangu siku hiyo nimepokea bendi za rumba, kwaya zenye magitaa, vijana wa rap wanaotaka ngoma za kweli, hata karindula. Huu ndio mpango ninaoufuata kila Jumamosi. Utaona kwamba sehemu yake kubwa inakwisha kabla sijagusa miksa, na hiyo ndiyo siri niliyochelewa kuijua.

Nina miksa ya njia 12, mikro sita za kawaida, moja ya kondensa, visanduku vitatu vya DI (vya kuchomekea gitaa moja kwa moja kwenye miksa), na kaski tano za masikioni zenye kigawanyio chake. Kama una pungufu ya hapo, nitakuonyesha pa kubana.

Hatua ya 1: Wafuate kwenye mazoezi

Usiamini simu. Kiongozi wa bendi atakuambia "tuko watano," na Jumamosi watashuka tisa, wa mwisho kabeba mtoto. Nenda mazoezini siku mbili tatu kabla, na kalamu. Andika nani anapiga nini, nani anaimba huku anapiga, wimbo mrefu kuliko yote una dakika ngapi, na nani kati yao ana kelele.

Hilo la dakika ulisimamie sana. Rumba yetu haina haraka: maneno dakika nne, kisha sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, inafunguka na hakuna anayejua itafungwa lini. Kwenye baa za Kamalondo hiyo ndiyo raha yenyewe. Hewani, saa kumi kamili kuna habari. Mimi naomba nyimbo tatu zisizozidi dakika 25 kwa jumla, na ishara ya kufunga napatana na mpiga gitaa la solo. Mwimbaji nimwache, sebene ikishafunguka si yake tena.

Mazoezini ndiko ningegundua mapema habari ya karindula, kama siku ile ningekwenda. Asiyeijua aifikirie kama banjo ya jitu: pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, shingo ndefu ya mti, nyuzi nne. Pipa la lita 200 lina upana wa sentimeta 58 hivi, na mlango wetu una 70. Iliingia, lakini kwa kulazwa, na shingo ikapiga taa ya "Hewani" ikavunjika. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Ningejua, ningewapanga uani.

Hatua ya 2: Sikiliza chumba kikiwa kitupu

Simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia mlio kama wa bati ukikimbia kati ya kuta, kuta mbili zilizo wazi zinatazamana. Huhitaji kufunika zote nne. Funika mbili zinazokutana pembeni, na kila ukuta uliobaki wazi utakuwa unatazamana na uliofunikwa. Mablanketi mazito yanatosha, yaning'inizwe yakiacha nafasi ya kiganja na ukuta; hiyo nafasi ndiyo inayofanya nusu ya kazi. Kwenye kona simamisha magodoro ya sponji. Trei za mayai ziache sokoni: sauti haziizuii, na moto zinaupenda.

Kuhusu mvua na paa la bati, kuanzia Novemba mpaka Machi sina dawa. Ikianza kunyesha, mwimbaji anasogea karibu na mikro na mtangazaji anawaambia watu kuwa kunanyesha. Wanaisikia pia kwao.

Hatua ya 3: Umeme

Kwenye UPS, ile betri ya akiba, weka miksa, kompyuta na kifaa kinachopeleka sauti mtamboni. Amplifaya za magitaa usiziweke. Zitaikausha kabla jenereta haijawaka. Vyombo vyote vya sauti vichomekwe kwenye laini moja, maana vikichomekwa huku na huku ndipo mvumo unapoingia. Mvumo ukibaki, bonyeza swichi ya kutenga ardhi kwenye kisanduku cha DI. Usikate pini ya ardhi ya plagi, hata kama mpiga gitaa anakuapia kwamba kwao ndivyo wanavyofanya. Anayeshika nyuzi za gitaa na kuweka midomo kwenye mikro ndiye anayelipa.

Halafu jambo dogo. Hapa kwetu ngoma za kizungu tunaziita batri. Siku moja nilimpigia kelele kijana wetu "Toa ile betri!" nikimaanisha ya UPS, nikageuka nikamkuta ameshaanza kufungua ngoma za wageni.

Hatua ya 4: Wapange watu

Hapa usikimbie. Mimi naupa upangaji saa nzima.

Jukwaani mpiga ngoma yuko nyuma ya mwimbaji. Ukiwapanga hivyo studio, umeshapoteza. Mikro ya kuimbia husikia vizuri mbele yake na husikia kidogo sana nyuma yake. Mwimbaji akiipa ngoma mgongo, mikro inamwangalia yeye na, juu ya bega lake, inaangalia matoazi. Mgeuze. Asimame akitazamana na mpiga ngoma, na mgongo wa mikro ndio utakaozielekea ngoma. Faida ya pili ni kwamba wanaonana macho, na kosa la kuingia mapema linapungua lenyewe.

Ngoma ziende kona ya mbali, juu ya zulia, magodoro nyuma yake. Bezi, solo na mi-solo (gitaa la kati) wakae upande, kila mmoja kwa waya wake moja kwa moja kwenye kisanduku cha DI. Mpiga solo atalalamika kwamba bila amplifaya hasikii gitaa lake "likiongea." Mpe ndogo, lakini iweke juu ya kiti, usawa wa sikio lake. Ikiwa sakafuni inampiga magotini, naye anaipandisha mpaka majirani wanakuja. Ikiwa sikioni anaipunguza bila kuambiwa.

Mikro mbili zilizo wazi ziachane mara tatu ya umbali wa kila moja na chanzo chake. Mdomo ukiwa sentimeta 10 kutoka mikro, mikro ya jirani iwe angalau sentimeta 30 kutoka ile ya kwanza. Sababu ni hii: sauti huchukua kama milisekunde 3 kutembea mita moja. Pigo moja la ngoma likifika kwenye mikro nne kwa nyakati nne tofauti kidogo, ukizichanganya unapata ule mlio wa kisimani niliouanzia makala haya.

Sasa, mpiga ngoma. Kila bendi ina mmoja na kila mmoja anaamini chumba chako ni uwanja wa mpira. Yule wa kwanza niliyemwomba apunguze aliniangalia akasema, "Yaya, mulituita tukuye kuimba ao tukuye kulala?" Nilibishana naye, nikashindwa. Siku hizi sibishani. Namvisha kaski, namwekea sauti ya mwimbaji, namwambia apige kama alivyozoea. Kabla wimbo haujafika nusu anashusha mikono mwenyewe, kwa sababu kwa mara ya kwanza anasikia maneno ya wimbo anaoupiga miaka yote. Asiposhusha, nina vijiti vyembamba na kitambaa cha jikoni cha kutandika juu ya ngoma ndogo.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kama kilometa 120 kutoka hapa. Gitaa moja, sauti moja. Ukisikiliza, hakuna kinachomfunika mwenzake. Mpigaji alikuwa ameshapatanisha vidole vyake na koo lake kabla fundi hajawasha mashine. Kwa watu nane kazi ni ileile, ila inabidi uwasaidie kupatana.

Hatua ya 5: Mikro chache

Njia zangu huwa hivi:

1. Ngoma kubwa ya mguu
2. Kondensa moja juu ya ngoma zote, kimo cha mita moja juu ya ngoma ndogo
3. Bezi, kwa DI
4. Solo, kwa DI
5. Mi-solo, kwa DI
6. Mwimbaji
7. Waitikiaji wawili, mikro moja kati yao
8. Atalaku, yule mchangamshaji anayepaza sauti kwenye sebene
9. Mtangazaji

Kondensa haiamki bila volti 48. Washa umeme huo njia ikiwa imefungwa, la sivyo kaski zitapasuka na masikio nayo. Ukikosa vifaa, anza kwa kutoa mikro ya ngoma kubwa, halafu mpange atalaku na waitikiaji pamoja. Ya mwimbaji usimgawie mtu.

Hatua ya 6: Balansi, kwa kupiga sebene

Wengi hupima sauti kwa beti la kwanza, ambapo kila mtu ni mpole. Sebene ikifunguka taa zote zinakuwa nyekundu. Waambie waanzie sebene, na wapige kama wako kwenye harusi. Hapo weka kila njia ielee karibu na -18 kwenye kipimo cha dijitali, vilele visipite -6. Kisha waombe beti la kwanza uone kama mwimbaji bado anasikika. Baada ya hapo ondoa vidole.

Spika za studio zizimwe kabisa, watu wasikilize kwa kaski. Spika moja iliyowaka karibu na mikro wazi inatosha kukupa mluzi hewani.

Hatua ya 7: Isikie kama msikilizaji

Kwenye spika zako kubwa kila kitu kitakuwa kitamu. Sikiliza kwa kiredio cha spika moja. Nje ya geti letu kuna mama anayeuza mayuniti ya simu, na redio yake haizimwi. Wakati wa majaribio namtuma kijana akasimame pale anipigie simu. Akisema "bezi haiko," sipandishi bezi, maana kale kaspika hakana bezi ya kutoa. Napunguza besi ya chini kabisa na kuongeza kidogo sauti ya kati ya gitaa hilo ili vidole visikike.

Kuna mtego wa FM ambao mafundi wa jukwaani hawaujui. Mtambo wa FM huongeza sauti za juu kabla ya kuzirusha, na redio ya msikilizaji huzipunguza tena, ili kuficha ule mchemko wa hewani. Kwa hiyo matoazi makali hufika kwenye limita, kile kifaa kinachozuia sauti isipite kipimo, yakiwa makubwa kuliko unavyoyasikia chumbani. Limita inaposhtuka haipunguzi matoazi peke yake. Inapunguza wimbo mzima, na mwimbaji anazama kila tuazi linapogongwa. Ndicho kilichotupata siku ya kwanza. Shusha njia ya 2 kuliko unavyopenda, na kata kidogo juu ya kilohezi 8.

Hatua ya 8: Mkiwa hewani

Dakika tano kabla, simu zote nje ya chumba, si kuzimwa tu. Mtangazaji anaongea, mimi nafungua njia za ala polepole chini ya sauti yake, ili msikilizaji ahisi chumba kikijaa watu kabla ya noti ya kwanza. Kati ya nyimbo funga magitaa yakitafuta sauti, lakini acha kidogo kicheko na pumzi.

Mabanga, yaani majina ya watu yanayotajwa ndani ya wimbo, yazungumzwe mapema, na mkubwa wa bendi, faragha. Atalaku anaishi kwa kutaja majina, na ukimkataza kabisa umemfunga mdomo. Mimi naruhusu majina ya ndugu, wenye duka la mtaa, mashabiki wa mitaa ya Katuba na Kenya hapa mjini. Majina ya wanasiasa hapana, na wakati wa kampeni hata salamu hapana: mbele ya CSAC, wasimamizi wa vyombo vya habari, kilichotoka hewani kimetoka kwenye redio, hata kama aliyesema alikuwa mgeni wa nusu saa. Kidole changu kinakaa juu ya njia ya 8 muda wote wa sebene. Katika miaka hii nimeifunga mara mbili tu, na mara zote mbili gitaa liliendelea na hakuna aliyepiga simu kuuliza.

Mwimbaji akikosea, msisimame. Wewe ukikosea, rekebisha taratibu, kwa sekunde mbili tatu. Kurekebisha kwa ghafla kunasikika kuliko kosa.

Hatua ya 9: Kabla hawajaondoka

Rekodi kila njia peke yake kama miksa yako inaweza, pamoja na mchanganyiko uliotoka hewani. Kabla vyombo havijafungwa, andika majina ya nyimbo na watunzi wake kamili kwa ajili ya karatasi za SOCODA, shirika la haki za watunzi. Ukingoja Jumatatu, kiongozi hapokei simu, na wimbo ulioandikwa "Wimbo wa pili" haumlipi mtu.

Wape nakala siku hiyohiyo kwenye flashi. Lakini kwanza fungua faili na ulisikilize, na uruke mpaka dakika ya mwisho uone kama ipo. Jumamosi moja umeme ulikatika wakati kompyuta bado inahifadhi, betri ya UPS ilikuwa imeshachoka, na bendi ilikuwa imeshapanda gari. Ilibidi niwapigie simu warudi, na mpiga ngoma ndiye aliyeshuka wa kwanza, vijiti vyembamba mkononi.