Jongo iko kwenye ukoo? Jinsi ya kujikagua kabla dole gumba halijaanza kuwaka

Juzi kati nilikuwa namwelekeza jamaa mmoja, baba yake ana jongo (ugonjwa wa viungo unaokuja asidi ya yuriki, taka ya mwili inayotolewa na figo, ikizidi kwenye damu na kujenga fuwele, chembe ndogo kali, ndani ya kiungo) na baba mdogo pia, yeye haumwi popote ila hana amani. Mimi niko maabara, maswali haya nakutana nayo sana, basi nimeona niyaandike. Kama kiungo chako tayari kimevimba mwongozo huu si wako, na kama kina moto na una homa juu yake nenda hospitali leo leo, inaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo.

Hatua ya 1: Hoji ukoo

Usiulize "nani ana jongo", wazee wengi hawakupimwa, waliambiwa tu ni baridi yabisi. Uliza nani alikuwa anavimba dole gumba au kifundo cha mguu ghafla usiku, hata shuka likimgusa anapiga kelele, alafu inapoa yenyewe baada ya wiki moja mbili. Nani amewahi kupata mawe kwenye figo? Alianza na umri gani? Wanawake wengi huanza baada ya hedhi kukoma, sababu estrojeni, homoni ya kike, inasaidia figo kutoa asidi ya yuriki, kwa hiyo usimfute bibi kisa alianza uzeeni. Aliyeanza kabla ya miaka 30 mwekee alama, daktari atataka kumsikia.

Na muache kuwasema wagonjwa kwamba ni ulafi. Kwa wengi shida ni mwili kushindwa kutoa asidi, na jeni kama SLC2A9 na ABCG2 zina mkono mkubwa hapo, ndio maana ndugu wawili wanakula sahani moja na anaumwa mmoja.

Hatua ya 2: Andika dawa na maradhi

Presha, kisukari, figo, uzito. Dawa za kukojoza, aspirini ya dozi ndogo na pirazinamaidi ya TB zinapandisha asidi. Usiache dawa mwenyewe, andika tu.

Hatua ya 3: Pima damu (hapa ndipo watu wanapotea)

Pima asidi ya yuriki pamoja na kreatinini (inaonyesha figo zinavyofanya kazi), damu ya mshipani. Vile vimashine vya kutoboa kidole mimi sivipendi, vinayumba, na mtu anapima kila asubuhi anajitia presha bure.

Sasa angalia kizio kabla ya namba. Maabara moja inaandika mg/dL, nyingine µmol/L, na huyu jamaa alikuwa na 6.9 ya zamani na 410 mpya, alishajiandikia wosia. Gawanya 410 kwa 59.5 unapata 6.9, yaani hakuna kilichobadilika! Fuwele zinaanza kuweza kujiunda asidi ikipita kama 6.8 mg/dL, wakati karatasi nyingi zinaweka mwisho wa kawaida kwa wanaume karibu na 7, kwa hiyo unaweza kuandikiwa "kawaida" na uko juu ya mstari, soma namba yenyewe usisome kale kaneno ka pembeni. Alafu muda: usipime ukitoka kufunga siku kadhaa, ukiwa umekaukiwa maji, baada ya mazoezi makali au kesho yake baada ya pombe, inapanda kwa muda. Na mtu akishapata shambulio asidi inaweza kushuka wakati huohuo wa maumivu, watu wanarudishwa nyumbani wakiambiwa hawana jongo kumbe wanayo, inabidi kurudia wiki mbili au zaidi baada ya kupoa. Kipimo kimoja hakitoshi. Rudia, maabara ileile kama inawezekana, na andika kwenye daftari, app utaibadilisha na simu.

Hatua ya 4: Dalili za mwanzo

Asidi kuwa juu peke yake haiumi, ndio ugumu wake. Fuwele zinaweza kukaa kimya kwenye kiungo na ultrasaundi ikaziona kabla yako. Unachoweza kushika mwenyewe ni vichomo vya dole gumba vinavyokuja na kuondoka, hasa usiku, au mawe ya figo. Vinundu vya sikioni na kiwikoni kwa kawaida huja baadaye sana.

Hatua ya 5: Ukishaijua namba

Wengi wenye asidi ya juu hawapati jongo maishani. Kwa hiyo usinunue alopurinoli, dawa ya kushusha asidi, kisa namba: kwa asiye na dalili kwa kawaida haianzishwi, ukiianza yenyewe inaweza kuamsha shambulio, na wapo wachache inaowaletea mzio mbaya wa ngozi. Punguza bia, pombe kali, soda na maini, shusha uzito taratibu bila kujinyima chakula ghafla. Chakula peke yake kinashusha kidogo, usitegemee miujiza. Kama una presha na unatumia dawa ya kukojoza, muulize daktari kama losartani, dawa nyingine ya presha, inakufaa, hiyo inasaidia kutoa asidi kidogo. Mimi nashauri kupima tena mara moja kwa mwaka, na daftari uende nalo.