Mchezaji Hodari Mwenye Mdomo: Namna ya Kuamua Kama Aongezewe Mkataba

Kila dirisha kubwa la usajili linapokaribia, kamati za usajili hujikuta na jina moja ambalo likitajwa tu kikao kinagawanyika. Kocha anamtaka kwa sababu ndiye anayefungua mabeki wa timu pinzani. Mwenyekiti hamtaki kwa sababu alisikika redioni akisema mambo ambayo mwenyekiti angependa yabaki ndani. Mweka hazina ananyamaza, na mara nyingi ndiye mwenye sababu nzuri kuliko wote ya kunyamaza. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kikao hicho. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo kwenye klabu ndogo ya mkoani, na tulikosea mara nyingi kuliko tulivyopatia, hasa kwa sababu tulijadili tabia ya mchezaji kabla ya kujadili alichosema.

Anzeni na kalenda

Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine pindi mkataba wake unapobakiza miezi sita, na klabu inayomtaka inatakiwa tu kuiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo. Kwa hiyo kama mkataba unaisha mwezi Juni, uamuzi wenu unapaswa kuwa umeiva ifikapo Novemba, wakati bado mna kitu cha kujadiliana naye. Kikao kinachoitishwa siku mbili baada ya mchezaji kuropoka kwa kawaida hakiamui usajili; kinatafuta adhabu, na adhabu iliyovalishwa nguo za usajili huigharimu timu msimu mzima.

Yaandikeni maneno yake

Chukueni karatasi, andikeni alichosema neno kwa neno, mahali aliposemea, tarehe, na ni nani ndani ya klabu aliyekuwa amekwisha kuambiwa jambo hilo kabla halijatoka nje. Msitegemee kichwa cha habari wala kipande cha sekunde 30 kinachozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu kipande hicho kimekatwa na mtu mwenye nia yake. Kisha swali moja liulizwe kabla ya mengine yote: je, alichosema ni kweli?

Katika klabu yetu tulikuwa na kiungo wa kati, kijana wa mguu wa kushoto ambaye pasi zake zilikuwa zikiwafikia mawinga bila wao kugeuka. Baada ya mechi moja ya nyumbani aliiambia redio ya mkoa kwamba wachezaji wanadai mishahara ya miezi mitatu na kwamba yeye hatanyamaza. Jioni ileile mwenyekiti aliweka simu mezani, akaturudishia sauti ile mara mbili, kisha akasema kwamba huyu msimu ujao hatumtaki. Mzee mmoja wa kamati, ambaye kwa kawaida husinzia hadi chai iletwe, akamwomba mweka hazina afungue kaunta buku. Ukurasa wa malipo ulikuwa na sahihi za Oktoba kwa wino wa bluu, na baada ya hapo mistari mitupu hadi chini. Tulihesabu: Novemba, Desemba, Januari, na siku tisa za Februari. Kijana alikuwa ametupunguzia siku tisa.

Kauli ya aina hiyo haiwezi kuwa sababu ya kumwacha mtu. Kanuni hizohizo za FIFA zinasema kwamba klabu isipolipa angalau mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuipa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 15 na, ikishindwa kulipa, akavunja mkataba kwa sababu halali. Mchezaji aliyekwenda redioni badala ya kwenda kwa mwanasheria amewaonea huruma, hata kama mwenyekiti haoni hivyo.

Kauli zinazohusu haki zake zitenganishwe na kauli zinazomhusu kocha au wenzake, kwa sababu hata zinapotoka katika mdomo mmoja hazina uzito mmoja. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mohamed Salah. Novemba 2024, baada ya kufunga mabao mawili katika ushindi wa 3-2 dhidi ya Southampton, aliwaambia waandishi kwamba hajapewa ofa ya mkataba mpya na kwamba huenda yuko nje ya Liverpool zaidi kuliko ndani. Lilikuwa shinikizo la waziwazi, lakini lilihusu mkataba wake mwenyewe. Hakumgusa kocha wala mwenzake yeyote, na uwanjani aliendelea kufunga. Liverpool walimpa mkataba wa miaka miwili Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 32, na msimu huo walitwaa ubingwa huku yeye akimaliza ligi na mabao 29 na pasi za mabao 18. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyelalamika kwamba mdomo wake ni tatizo.

Desemba 2025, baada ya kukaa benchi kwa mechi ya tatu mfululizo katika sare ya 3-3 na Leeds, Salah huyohuyo alisema kwamba klabu imemtupia lawama na kwamba uhusiano wake na kocha Arne Slot umevunjika. Hakujumuishwa katika kikosi kilichokwenda Milan kucheza na Inter siku chache baadaye. Mtu ni yule yule na kipaji ni kile kile. Kilichobadilika ni anwani ya maneno. Kamati inayoweka kauli hizi mbili katika kapu moja la utovu wa nidhamu itamwacha mtu wa Novemba 2024 kwa kosa ambalo hakulifanya, au itamsamehe wa Desemba 2025 bila kumwuliza lolote.

Kauli zinazowataja wenzake ndizo nzito kuliko zote. Roy Keane alikuwa nahodha wa Manchester United kwa miaka 8 na alikuwa amezoeleka kusema ukweli usoni, lakini baada ya kipigo cha 4-1 kutoka kwa Middlesbrough mwaka 2005 aliwakosoa wachezaji wenzake katika mahojiano na televisheni ya klabu, mahojiano ambayo hayakurushwa kamwe, na kabla ya mwezi uliofuata kwisha alikuwa ameondoka. Mtu anaweza kusema alikuwa sahihi kuhusu kiwango chao. Hata hivyo mchezaji kijana aliyetajwa kwa jina na nahodha wake hapokei tena pasi kwa moyo uleule.

Waulizeni walio karibu naye, na msianze na wakubwa

Nahodha ataulizwa, bila shaka, na daktari wa timu pia. Lakini mtu ninayemwamini zaidi ni mtunza vifaa. Yeye ndiye anayejua nani hutupa jezi chini na nani huikunja, nani hufika saa moja kabla ya mazoezi, na nani alimnunulia kijana wa kikosi cha pili viatu bila kumwambia mtu. Mwulizeni peke yake, mkiwa mmekaa naye pale stoo, si kwa kumwita mbele ya meza yenye watu saba. Mtashangaa ni mara ngapi mchezaji mwenye mdomo mkali kwa viongozi ni mpole kwa wadogo zake, na ni mara ngapi yule anayewaamkia wazee kwa heshima zote ndiye anayechonganisha kambi usiku.

Pimeni mpira wake kwa hesabu ya timu

Mabao ya mtu mmoja yanaweza kuficha mengi. Manchester United walimrudisha Cristiano Ronaldo mwaka 2021, miaka 12 baada ya kumuuza Real Madrid, na kwa hesabu yake binafsi alifanya kazi: mabao 18 ya ligi katika msimu wa kwanza. Timu iliyokuwa imemaliza ya pili kwa pointi 74 ilimaliza ya sita kwa pointi 58. Simlaumu yeye peke yake kwa anguko hilo, maana ulinzi ulikuwa umechakaa, lakini kamati inayojadili mkataba inapaswa kuuliza timu ilipata nini kwa mabao hayo na ilibadilisha nini katika uchezaji wake ili ayapate. Angalieni dakika alizocheza, mechi alizokosa kwa kadi na majeraha, umri wake mkataba utakapokwisha, na gharama halisi ya kumpata mbadala ukijumlisha fedha ya usajili, nyumba na tiketi. Kamati nyingi huacha sehemu hiyo ya mwisho, kisha hushangaa Agosti.

Kocha gani?

Msimwongezee mkataba mchezaji ambaye kocha hamtaki, lakini pia jiulizeni kama kocha huyo atakuwepo. Mkataba wa Ronaldo ulimkuta kocha Ole Gunnar Solskjær, ukamkuta Ralf Rangnick, kisha ukamkuta Erik ten Hag, ambaye hakuwa amemchagua. Oktoba 2022 Ronaldo alikataa kuingia kama mchezaji wa akiba dhidi ya Tottenham na akaondoka uwanjani kabla mpira haujaisha. Novemba alitoa mahojiano marefu ya televisheni akisema hamheshimu kocha huyo. Na tarehe 22 ya mwezi huo pande mbili zilikubaliana kuachana. Kwenye ligi zetu, ambako kocha anaweza kubadilishwa mara mbili kabla ya mzunguko wa pili, mkataba wa miaka mitatu kwa mchezaji wa namna hii ni kumrithisha mtu msiyemjua bado mgogoro asioutaka. Mwaka mmoja wenye kipengele cha kuongeza wa pili hutosha.

Mazungumzo na maandishi

Anayekwenda kuzungumza naye awe mtu mmoja anayeheshimika, akiongozana na shahidi mmoja. Ujumbe wa watu sita humfanya mchezaji ajione yuko mahakamani. Kwa kiungo wetu alikwenda katibu. Kijana alisimama, akasema, "Shikamoo, mzee." Katibu akaitikia, akamwambia deni la miezi miwili limelipwa asubuhi ile na lililobaki lina tarehe, kisha akamweleza kwamba klabu inamtaka lakini haikupenda kuyasikia mambo yake redioni. Kijana hakubisha. Aliuliza jambo moja tu: "Sawa, mzee wangu. Sasa nikiwa na dai, nimwone nani?" Katibu hakuwa na jibu. Kwa miaka yote ile hapakuwa na mtu aliyeteuliwa kusikiliza madai ya wachezaji, na redio ya mkoa ilikuwa imeziba pengo hilo bila malipo.

Kwa hiyo kipengele cha kwanza cha mkataba mpya kiwe hicho: atajwe kwa cheo mtu anayepokea malalamiko kwa maandishi, na ziwekwe siku saba za kujibu. Kipengele cha kumfunga mdomo kabisa hakifai. Kitavunjwa wiki ya tatu na mtalazimika ama kuadhibu ama kudharaulika. Kataza mambo mahususi, yaani kutoa siri za maandalizi ya mechi, kuwataja wenzake kwa ubaya na kumshambulia mwamuzi, na faini ziandikwe kwa kiasi kinachojulikana ndani ya kanuni za klabu ambazo kila mchezaji amezisaini. Yule kiungo tulimpa mwaka mmoja. Alilalamika tena, safari hiyo kuhusu basi bovu, kwa barua yenye makosa ya tahajia ambayo katibu ameitunza hadi leo.

Vipengele vya kuvunja mkataba viandikwe kwa lugha isiyo na tafsiri mbili. Desemba 2022 kiungo Feisal Salum aliingiza fedha katika akaunti ya klabu yake, Yanga, akiamini amejinunua kutoka katika mkataba wake. Klabu ikakataa, kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga, na hakuichezea tena hadi suala lilipomalizwa mwaka 2023 akaenda Azam. Miaka miwili kabla ya hapo, Yanga na mchezaji wao Bernard Morrison walibishana kama aliwahi kuongeza mkataba au la, shauri likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, wakati mwenyewe akiwa amevaa jezi ya Simba. Kisha mwaka 2022 Morrison akarudi Yanga, jambo linaloonyesha kwamba viongozi wetu husamehe haraka kuliko wanavyohifadhi nyaraka. Kila ukurasa usainiwe na pande zote, mchezaji apewe nakala yake palepale, na nakala nyingine ipelekwe shirikisho wiki hiyohiyo.

Kama jibu ni hapana

Mwambieni mapema, ana kwa ana, na mlipeni anachodai kabla ya kumkabidhi barua. Msimpeleke kufanya mazoezi peke yake ili akate tamaa na kuondoka bila fidia, kwa sababu kanuni za FIFA zinatambua unyanyasaji wa namna hiyo kuwa ni sababu halali ya mchezaji kuvunja mkataba, na mtajikuta mnamlipa mtu anayechezea timu nyingine. Hakikisheni pia kwamba ofisa habari hapandishi picha ya kumuaga kabla barua haijafika mkononi mwake. Winga wetu mmoja alijua kwamba ameachwa kutoka kwa mama yake, ambaye naye alionyeshwa picha hiyo na jirani wakiwa kisimani.