Kuandaa siku ya kutoa damu Lamu: kuanzia maabara hadi kurudi kwa aliyetoa

Mara ya kwanza tulipoandaa siku ya kutoa damu pale Mkunguni, mbele ya Ngome, watu walikuja mpaka viti vikatushinda. Mara ya pili tulikaa hadi adhana ya adhuhuri na nusu ya vitanda haikuguswa. Nikajiambia watu wamechoka. Siku chache baadaye nikamkuta gatini mvuvi mmoja, mtu mzima, akishona nyavu. Alikuwa miongoni mwa waliotoa mara ile ya kwanza. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona safari hii hatukumwona. Akajibu bila kuinua macho: "Mwanangu, ile damu yangu ilikwenda wapi? Mlinilaza, mkanidunga, mkanipa tende, mkanishukuru. Tangu siku ile sijasikia neno."

Sikuwa na la kumjibu. Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyoandaa shughuli hii, na haya ndiyo ninayoyafanya. Ukiwa na kikundi cha vijana, cha akina mama, cha madrasa au cha mtaa, unaweza kuyafuata.

Hatua ya 1: Anza na watu wa maabara

Wengi huanza na bango na fulana. Wewe nenda hospitali kwanza, uulizie anayeshughulika na damu, ukae naye. Usisahau kwamba kikundi chako hakitoi mtu damu. Kazi hiyo ni ya wahudumu walioruhusiwa, na vifaa ni vyao. Kazi yako ni kuwaleta watu, kuwatuliza, kuwahudumia na kuwarudia.

Muulize mambo matatu: wanahitaji painti ngapi kwa wakati huu, wana mifuko mingapi ya kukusanyia, na watatuma wahudumu wangapi. Maswali haya yana sababu. Painti ya damu ikihifadhiwa kwenye jokofu lenye nyuzi 2 hadi 6 hukaa takriban siku 35, kisha haifai tena. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, hukaa siku 5 tu. Ukikusanya nyingi kwa siku moja halafu ukanyamaza mwaka mzima, nyingine zitamwagwa, na mama atakayetokwa na damu baada ya kujifungua miezi miwili mbele atakuta jokofu tupu. Afadhali watu 20 kila baada ya muda kuliko watu 100 mara moja kwa mwaka.

Uliza pia kuhusu upimaji. Kila painti lazima ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa. Kituo cha damu cha kanda ya Pwani kiko Mombasa, na kutoka Mokowe, gati letu la upande wa bara, mpaka huko ni zaidi ya kilomita 300 za barabara. Kwa hiyo damu iliyotolewa leo asubuhi haitumiki leo jioni. Jambo hili watu hawaambiwi, kisha wakisikia jirani amekosa damu siku hiyo hiyo wanadhani yao imepotea.

Hatua ya 2: Panga tarehe kwa bahari na kwa kalenda ya watu

Siku ya Wachangiaji Damu Duniani ni tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, aliyegundua makundi ya damu. Ni siku nzuri ya kuandika na kueleza. Kwetu si siku nzuri ya kuita watu kutoka visiwani, maana Juni ni kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini, na bahari ya kusi unaijua.

Kama unataka watu wa Pate, Siyu na Faza waje, kaa na nahodha kabla hujaandika tarehe popote. Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, haupitiki maji yakiwa madogo. Siku za bamvua, zile za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na saa nne, saa tano za asubuhi yamekupwa. Maana yake ni kwamba mtu wa Pate atafika mapema sana na hawezi kurudi mpaka alasiri. Hiyo si hasara ukiwa umejipanga: mpe nafasi ya kwanza, kisha mpatie pa kupumzika na chakula cha mchana. Ukimwambia aje saa nne utakuwa umemkosesha safari.

Ramadhani iheshimu. Mtu aliyefunga hajanywa maji, na anayetoa damu anatakiwa awe amekunywa na kula. Fanya shughuli wiki mbili tatu kabla ya mwezi mtukufu, ili jokofu liwe na kitu mwezi unapoanza. Angalia pia likizo za shule. Wanafunzi wa sekondari ni kundi kubwa la wachangiaji nchini Kenya, na shule zikifungwa damu hupungua. Likizo ndio wakati mtaa unapotakiwa kujaza pengo.

Hatua ya 3: Andika majibu kabla ya kuandika mwaliko

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Tangazo la "Njooni tuokoe maisha" halimtoi mtu barazani. Mtu ana swali moyoni na anaona haya kuliuliza mbele ya watu. Lijibu kwa maandishi, alisome akiwa peke yake kwenye simu yake. Majibu ninayoyasambaza ni kama haya:

"Nani anaweza kutoa?" Mwenye umri wa miaka 16 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema siku hiyo. Mjamzito na anayenyonyesha wasitoe. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4.

"Inatolewa kiasi gani?" Mililita 450. Mtu mzima ana kama lita 5. Yale maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili ukinywa vizuri. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na ndiyo sababu ya kusubiri miezi.

"Nina hina na piko mikononi, naweza?" Unaweza.

"Sindano je?" Ni mpya kwa kila mtu, inafunguliwa mbele yako na kutupwa mbele yako.

"Nikipatikana na ugonjwa, nani atajua?" Majibu ni yako na mhudumu wa afya. Sisi waandaaji hatuyaoni wala hatuyaulizi.

Halafu kuna swali zito ambalo waandaaji wengi hulikimbia: "Kama damu ni ya kujitolea, mbona tulipopeleka mgonjwa tuliambiwa tulete watu wa kutoa?" Lijibu wazi. Familia huambiwa hivyo kwa sababu akiba ni ndogo. Mtu yuko leba, anapoteza damu, na mumewe anapiga simu huku na huku kutafuta nani ni kundi O. Siku ya kutoa damu ni kujaribu kuifanya akiba itangulie mgonjwa. Mtu akielewa hili, hahitaji kuhimizwa.

Eleza pia ni nani wanaoipata: akina mama waliotokwa na damu nyingi wakijifungua, watoto ambao malaria imekula damu yao, waliopata ajali, na wagonjwa wa siko seli, ambao hapa Pwani ni wengi. Lakini usiweke picha ya mgonjwa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona mama akipigwa picha na mwanawe akiwa na mpira wa damu mkononi, na picha ikazunguka mitaa ya Langoni na Mkomani kabla mtoto hajatoka wodini. Mji wetu ni mdogo. Mtoto yule atakwenda madrasa na kila mtu anajua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazilinda taarifa za afya za mtu, lakini kabla ya sheria sisi tuna sitara, na msaada unaomvua mtu sitara yake umemtoza bei kubwa. Piga picha ya mkono, ya viti, ya sinia la tende. Inatosha.

Na usimlipe mtu, wala usimpe zawadi ya thamani. Aliyefuata pesa ataficha kwenye dodoso la afya jambo ambalo angelisema. Hatari hiyo ataibeba mgonjwa.

Hatua ya 4: Wa kujitolea wachache, kila mmoja na kazi yake

Watu 8 wanatosha. Wawili wa kupokea na kuandika majina, wanawake wawili wa upande wa wanawake, wawili wa meza ya chakula, mmoja wa kuwasindikiza wanaotoka kitandani, na mmoja wa kuzungumza na wanaosubiri. Huyu wa mwisho mchague kwa makini, awe mtu anayejua kukaa barazani na kusikiliza.

Upande wa wanawake uwe na pazia la kweli, na uombe hospitali ilete muuguzi mwanamke. Tulipofanya hivi, akina mama waliokuwa wakipita wakitazama kwa mbali waliingia.

Chakula tunakula kikoa: huyu analeta tende, yule mahamri, mwingine maji ya ukwaju. Hatukusanyi pesa hadharani, kwa hivyo hatuna hesabu za kutuumiza kichwa. Mkilazimika kuchanga nauli ya mashua, mchange wenyewe kwa wenyewe, na karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe kila mmoja aione.

Mwarifuni chifu na kituo cha polisi kwa barua, na muombe ruhusa ya wanaosimamia mahali penyewe. Imamu naye aambiwe mapema, kwa sababu tangazo baada ya sala ya Ijumaa huwafikia watu ambao simu haiwafikii.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Anzeni saa moja na nusu, kabla jua halijakaza. Kila anayefika apewe maji, kama nusu lita, na aulizwe amekula nini. Ambaye hajala, aketi ale kwanza.

Kuna kituo kimoja ambapo watu huogopa kuliko kitandani: pale wanapotobolewa kidole. Mpimaji akitumia njia ya zamani, anachukua tone moja la damu na kulidondosha kwenye chupa ya maji ya buluu. Tone likizama, damu ina nguvu ya kutosha. Likielea, au likisita katikati na kupanda tena, huyo haendi kitandani leo. Nimewahi kusimama karibu na dada mmoja aliyevaa buibui jipya, amekuja tangu asubuhi na mdogo wake. Tone lake lilishuka kidogo, likasimama, likapanda. Macho yakamjaa machozi, akaniambia, "Kwa hivyo mimi sina faida?" Nikamketisha. Nikamweleza kwamba damu yake imepungua kidogo na amejua leo bila kulipa chochote, kwamba aende kliniki, ale mchicha, maharagwe, samaki na maini, na chai au kahawa aiweke mbali na chakula kama saa moja, kwa sababu huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kisha nikamuomba akae meza ya usajili, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri. Amekuwa nasi mpaka leo.

Kwa hiyo wafundishe wenzako: anayerudishwa asitangazwe, asiulizwe sababu, na asiondoke mikono mitupu. Mpe tende kama mwingine yeyote.

Utoaji wenyewe ni dakika 5 hadi 10. Baada yake mtu apumzike robo saa, anywe, ale. Akisikia kizunguzungu, alazwe na miguu iinuliwe, na muuguzi aitwe. Mwambie kila mmoja kulingana na kazi yake: hamali asibebe mzigo leo kwa mkono ule, mvuvi asivute nyavu wala asipige mbizi, mgema asipande mnazi. "Epuka kazi nzito" ni maneno ambayo kila mtu huyatafsiri apendavyo.

Hatua ya 6: Rudi na jibu

Omba kila aliyetoa aandike namba yake ya simu iwapo anakubali kutafutwa, na daftari hilo likae kwa mtu mmoja tu. Baada ya wiki mbili nenda tena maabara. Usiulize damu ya fulani ilimfikia nani. Uliza jumla: painti ngapi zilipita vipimo, ngapi zimetumika, na katika wodi zipi. Kisha andika ujumbe mfupi, umtumie kila mmoja, na asiye na simu umfuate kwa miguu. Wangu huwa hivi:

"Sabalkheri. Damu mliyotoa Mkunguni imeshapimwa na imeanza kutumika wodi ya uzazi na ya watoto. Hatuwezi kutaja waliopata, ila wamepata. Hospitali inashukuru, nasi tunashukuru. Mwanamume ataweza kutoa tena baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Tutawakumbusha."

Kama kuna painti zilizoharibika, sema. Niliwahi kulisema hilo, na badala ya lawama nikapata mtu aliyejitolea kuangalia jenereta.

Yule mvuvi nilimrudia gatini na ujumbe kama huu, umechelewa karibu mwaka mzima. Nilimsomea, maana miwani yake alikuwa ameiacha nyumbani. Akaniambia nisome tena pale paliposema wodi ya watoto. Nikasoma. Akakunja nyavu zake, akauliza siku nyingine ni lini.