P0303: namba inataja silinda, haitaji spea ya kununua

Taa ya injini ilianza kupepesa nikiwa katikati ya mlima Kitonga, tunakwenda msibani Iringa, watu watano ndani ya Toyota IST ya 2004 yenye injini ya 1NZ. Gari likawa linatikisika, na kila nikikanyaga mafuta nguvu zinapungua.

Taa iliyotulia na taa inayopepesa ni mambo mawili. Iliyotulia inakupa nafasi ya kufika kwa fundi taratibu. Inayopepesa maana yake gari linamisi vibaya sasa hivi, yaani silinda inakosa kuchoma: petroli ambayo haikuchomwa kwenye silinda inapita mpaka kwenye masega ya egzosi (kichujio cha moshi, "catalytic converter") na kuwakia humo. Masega yakiyeyuka hayatengenezeki, na bei yake inazidi plagi na koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) zote ukizijumlisha. Punguza mafuta, zima AC, tafuta mahali papana usimame. Mimi ilinibidi nivuke kona mbili kwa gia ndogo kabla ya kupata upenyo. Injini ilipopumzika taa ikatulia, tukajikokota hadi Ilula, kisha Iringa.

Gereji ya kwanza walipima kwa mashine, ikatoka namba ya hitilafu P0303. Fundi akasema, "Dada, koili zimekufa. Nunua zote nne, na nozeli tuzisafishe." Nozeli ndizo zinazonyunyizia petroli kwenye silinda. Nilikataa, na ningependa na wewe ujue kwa nini.

P030 inasema injini inamisi. Tarakimu ya mwisho inasema ni silinda ipi. Kompyuta haijui kama koili imekufa. Inachosoma ni mwendo wa krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni: kila silinda ikichoma, krenki inasukumwa, moja ikikosa, krenki inazubaa kidogo na sensa inaona. Sababu ya kukosa utaitafuta wewe, na kuitafuta hakugharimu spea hata moja.

Piga picha ya namba kwanza, ndipo uifute kwa mashine. Subiri injini ipoe kabisa, kwa sababu kichwa chake ni cha alumini na ukifungua plagi ya moto unaweza kuondoka na nyuzi za shimo lake. Kwenye 1NZ, silinda namba 1 ni ya upande wa mikanda. Kwa spana namba 10 fungua koili ya 3 na ya 1, zibadilishane nafasi, washa, endesha kama dakika kumi na tano, pima tena. Ikitoka P0301, ugonjwa umehama na koili, na utanunua koili moja. Kwangu ilibaki P0303. Koili ilikuwa nzima, na ningekuwa nimenunua nne.

Hatua ya pili, plagi. Niliihamisha ya 3 kwenda 2, ikatoka P0302. Tulipoitazama juani, kaure yake ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ndiyo maana kwenye tambarare gari lilikuwa zuri na mlimani likakata: injini ikielemewa, cheche inahitaji umeme mkubwa zaidi, nao unatorokea kwenye ufa. Plagi nilibadilisha zote nne, maana zilikuwa za umri mmoja. Plagi mpya ianze kwa vidole hadi ikae, spana imalizie.

Koili ikiwa nje, chungulia shimo la plagi. Ukikuta oili, gasketi ya kava la tapeti (kifuniko cha juu cha injini) au mipira ya mashimo hayo imechoka. Ukiweka koili mpya juu ya oili ile, itakufa nayo. Ukikuta maji, na jana gari lilioshwa injini kwa mashine ya presha, nenda kwa fundi tairi akupulizie upepo wa kompresa kabla hujatoa hela.

Koili na plagi zikihama lakini namba ikabaki palepale, hamisha nozeli nayo kwenda silinda nyingine. Namba ikikataa kuhama, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Hapo huenda ni valvu au ringi, na hiyo ni kazi ya fundi mzoefu. P0300 ni habari nyingine: silinda zinapokezana kumisi. Tafuta kitu kinachozigusa zote, kama mpira wa hewa uliopasuka, petroli yenye maji, au pampu iliyochoka.

Ile mbinu ya kuchomoa koili moja moja injini ikiwaka, uisikilize inavyobadilika, siipendi. Petroli inamwagika kwenye masega kila sekunde unayosikiliza.

Kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth, cha kusomea namba hizi kwa simu, kinasoma magari mengi, ila mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaongei nacho. Kijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Kazi ilipokwisha niliwapakia wale wale wanne, tukashuka Ipogolo na kupandisha tena kile kilima cha kuingia mjini kwa mafuta mengi. Taa haikuwaka. Ndipo nilipomlipa fundi.