Jinsi ya kusaka hisa za kampuni ndogo zilizosahaulika DSE

Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), macho ya wengi yako kwa CRDB, NMB, TBL na Twiga. Kampuni hizo zinaandikwa magazetini kila mara, na habari njema ikitoka bei inapanda kabla hujamaliza kuisoma. Mwekezaji mdogo mwenye subira ana nafasi zaidi chini ya orodha: TOL, DCB, NICOL, Swissport, na benki ndogo kama Maendeleo, Mkombozi na Mwalimu. Huko siku nzima inaweza kupita bila hisa hata moja kuuzwa. Lakini hisa nyingine zimesahaulika kwa haki yake. Kazi yako ni kuitenga kampuni iliyopuuzwa kwa udogo wake na ile iliyokimbiwa kwa ubovu wake.

Anza na mzunguko, bei baadaye

Watu wengi huanza kwa kutafuta hisa ya bei ndogo. Hisa ya shilingi 200 inaweza kuwa ghali kuliko ya shilingi 5,000. Bei peke yake haikuambii lolote mpaka ujue kampuni ina hisa ngapi na inapata faida kiasi gani. Kabla hata ya hapo, jua kama hisa yenyewe inapatikana.

Chukua ripoti za kila siku za DSE za siku 60 za soko zilizopita. Kwa kila kampuni unayoifikiria, andika mambo matatu: ni siku ngapi kulikuwa na mauzo, jumla ya hisa zilizouzwa, na oda za kununua na kuuza zilizobaki bila kutimizwa mwisho wa siku. Kisha fungua ripoti ya mwaka, ukurasa wa wanahisa wakubwa. Swissport Tanzania, kwa mfano, ina hisa milioni 36, na asilimia 51 ziko kwa kampuni mama. Zinabaki kama milioni 17.6, na katika hizo toa za wanahisa wakubwa wengine wasiouza. Kinachobaki ndicho kinachozunguka kweli.

Sasa piga hesabu ya kutoka kabla ya kuingia. Tuseme hisa inauzwa shilingi 300 na kwa wastani zinauzwa hisa 4,000 kwa siku. Hiyo ni shilingi milioni 1.2. Ukichukua zaidi ya robo ya mauzo ya siku, utaiangusha bei mwenyewe, kwa hiyo unaweza kuuza hisa za shilingi 300,000 kwa siku. Ukitaka uwezo wa kutoka ndani ya siku 20 za soko, usiweke zaidi ya milioni 6. Kama mauzo yalitokea siku 15 tu kati ya 60, gawanya kiwango hicho kwa mbili. Kanuni hii inauma unapoipenda kampuni sana, lakini anayeivunja huishia kumiliki hisa zenye bei nzuri kwenye karatasi na zisizo na mnunuzi.

Kusoma hesabu

Soma ripoti ya mwaka kuanzia kwa mkaguzi. Kama maoni yake yana angalizo, au anataja shaka kubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake, weka ripoti chini na uhamie kampuni nyingine. Barua ya mwenyekiti isome mwisho, ukishajua tarakimu.

Baada ya mkaguzi, nenda kwenye mtiririko wa fedha. Linganisha fedha taslimu zilizotokana na shughuli na faida baada ya kodi, kwa miaka mitano. Faida ikipanda mwaka hadi mwaka huku fedha hazionekani, tazama wadaiwa na bidhaa zilizobaki kwenye maelezo ya hesabu: kampuni inauza kwa mkopo kwa watu wasiolipa, au bidhaa zinalala ghalani. Kisha soma maelezo ya miamala na wahusika wa karibu. Ada ya usimamizi inayolipwa kwa kampuni mama, mikopo kwa wakurugenzi, kodi ya jengo la mkurugenzi: hapo ndipo faida ya mwanahisa mdogo huvujia.

Usisahau idadi ya hisa. Faida ikiongezeka kwa asilimia 20 na hisa zikiongezeka kwa asilimia 40, fungu lako limepungua. Gawanya mwenyewe faida kwa hisa zote, mwaka kwa mwaka.

Benki ndogo zinahitaji jicho la pekee. Mizania na faida hazitoshi. Tazama mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati: Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Kisha tazama uwiano wa mtaji na gharama za uendeshaji dhidi ya mapato. Benki zinatangaza hesabu kila robo mwaka, kwa hiyo huna sababu ya kusubiri ripoti ya mwaka. Mtaji ndio unaoua: Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji, na Desemba 2022 ikachukua usimamizi wa Yetu Microfinance, ambayo hisa zake zilikuwa zimeorodheshwa DSE. Hisa ya benki inayouzwa kwa nusu ya thamani ya vitabu (mali toa madeni, kama zilivyoandikwa kwenye hesabu) si ya bei nafuu ikiwa nusu ya thamani hiyo ni mikopo isiyolipika.

Kampuni zinazomiliki hisa za wengine

NICOL, kampuni ya uwekezaji, iliondolewa sokoni mwaka 2011 na kurudi 2018, na mali yake kubwa ni hisa za NMB. Kampuni ya namna hii unaweza kuithamini kwa kalamu na karatasi. Zidisha hisa inazomiliki kwa bei ya leo ya sokoni, ongeza hatifungani (hati za mkopo zenye riba) na fedha taslimu, toa madeni, gawanya kwa idadi ya hisa zake. Ukipata shilingi 1,000 na bei ni 600, punguzo ni asilimia 40. Punguzo hilo linaweza kudumu miaka, kwa sababu hakuna anayeweza kuilazimisha bodi iuze mali na kugawa fedha. Linganisha basi gawio linaloingia na gawio linalotoka. Kampuni inayopokea gawio nono na kuwapitishia wanahisa sehemu kubwa inastahili punguzo dogo kuliko inayolimeza kwenye posho na ofisi.

Kununua

Fungua akaunti ya hisa kwa dalali mwenye leseni, au tumia Hisa Kiganjani, huduma ya DSE ya kununua hisa kwa simu. Weka oda yenye kikomo cha bei kila mara. Ukiagiza kwa bei ya soko katika hisa isiyo na wauzaji wengi, utalipa bei yoyote aliyoitaja muuzaji mmoja. Gawanya manunuzi mara nne au tano ndani ya wiki kadhaa.

Gharama zina uzito hapa. Kamisheni ya dalali kwa miamala ya hadi shilingi milioni 10 ni asilimia 1.7, na tozo za soko na mamlaka zinaifikisha kama asilimia 2. Kununua na kuuza kunakula takriban asilimia 4, kabla ya VAT. Hisa ndogo si za kuingia na kutoka. Kama huoni sababu ya kuishika miaka mitatu, usiinunue. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo piga hesabu kwa kinachofika mkononi.

Ukishanunua, andika kwenye daftari tarehe ambazo kampuni hutoa hesabu zake kila mwaka. Hesabu zikichelewa bila maelezo, au mkaguzi akibadilishwa katikati ya mwaka, usiongeze hisa hata bei ikishuka. Mpigie dalali, omba taarifa iliyopelekwa soko, na usubiri hesabu zenyewe zitoke.